Ukiendesha bila leseni, faini ndiyo hasara ndogo kuliko zote

Alikuja kwa miguu, na hilo peke yake lilinitosha kujua kuna jambo. Tangu auze tumbaku msimu uliopita na kununua pikipiki, kijana huyu hakuwahi kupita mtaani kwetu Isevya bila mngurumo kumtangulia. Aliniamkia, akaketi ukingoni mwa baraza, akafungua bahasha ya kaki iliyolainika kwa jasho na kunitandazia karatasi moja moja: kadi ya pikipiki, karatasi ya bima, na risiti tatu za faini, kila moja shilingi 10,000.

“Shangazi, nimelipa mara tatu. Sasa wananidai nini tena?”

Pikipiki ilikuwa kituoni. Jumamosi alimwachia binamu yake apige deiwaka, yaani amshikie kazi kwa siku hiyo, na upande wa Ipuli binamu akamgonga mama mmoja aliyekuwa akivuka barabara na ndoo yake ya maji. Mama amevunjika mguu, amelazwa hospitali ya Kitete. Binamu hana leseni. Mwenye pikipiki naye hana. Katika risiti zile tatu, mbili zilikuwa za kosa hilohilo la leseni.

Ninafanya kazi ya msaada wa kisheria hapa Tabora, na swali la kijana huyu nimeshalisikia kwa sauti nyingi. Wengi wanaichukulia faini kama ushuru: umelipa, basi umeruhusiwa kupita. Na kwa kuwa ushuru wenyewe ni mdogo, wanaamini kosa nalo ni dogo. Ukimsikiliza mtu kijiweni anasema “mimi sina leseni lakini nalipa,” anasema kwa moyo mweupe kabisa, hajui kwamba amejieleza vibaya mara mbili katika sentensi moja.

Tuanze na sheria yenyewe. Sheria ya Usalama Barabarani, Sura ya 168, ilitungwa mwaka 1973 na imerekebishwa mara kadhaa tangu hapo. Kifungu cha 19 ndicho mama wa habari hii. Kinataka mtu asiendeshe chombo cha moto barabarani bila kuwa na leseni halali ya udereva, au leseni halali ya kujifunza, inayohusu aina ya chombo anachokiendesha. Kisha kinaongeza jambo ambalo matajiri wengi wa pikipiki, yaani wenye vyombo, hawajalisikia: mtu asimwajiri wala asimruhusu mwenzake kuendesha kama mwenzake huyo hana leseni ya namna hiyo. Kwa hiyo kosa halikai kwa aliyeshika usukani peke yake. Linaweza kumfuata aliyempa ufunguo.

Na neno “barabara” lisikupunguzie wasiwasi. Wapo wanaodhani sheria inaanzia kwenye lami ya kwenda Nzega na kuishia pale lami inapokoma. Njia ya vumbi inayokwenda mashambani nayo ni barabara maadamu umma unaipita.

Sasa, mtu akisema “sina leseni” anaweza kuwa anasema mambo tofauti kabisa, na hapo ndipo watu wengi wanapojifunga wenyewe.

Wa kwanza ana leseni ila ameiacha nyumbani. Huyu si dereva asiye na leseni. Ni dereva ambaye hakuionyesha alipotakiwa, na huo ni wajibu mwingine chini ya sheria hiyohiyo. Anaweza kuandikiwa kwa hilo, lakini ni kosa lenye jina lake. Tatizo ni kwamba barabarani, kwenye jua la saa saba, abiria wananung’unika nyuma, watu hupokea karatasi ya faini bila kuisoma. Isome. Kama imeandikwa kuendesha bila leseni na leseni yako iko kabatini, sema palepale kwa adabu: “Afande, leseni ninayo, sikuibeba. Naomba niilete kituoni.” Leseni za siku hizi zimo kwenye mfumo, na namba yako inaweza kuhakikiwa. Kukubali kosa ambalo hukulifanya kwa sababu una haraka ni kujiandikia historia isiyo yako.

Wa pili leseni yake imeisha muda. Zamani leseni ilikuwa ya miaka mitatu kwa shilingi 40,000. Mwaka 2019 serikali iliongeza muda ukawa miaka mitano, na ada ikawa shilingi 70,000. Miaka mitano ni mirefu kiasi cha mtu kusahau kabisa. Nimewahi kuombwa na mzee mmoja nimsomee tarehe kwenye leseni yake kwa sababu maandishi ni madogo, nikakuta imekufa miezi minane nyuma, naye kila wiki anaendesha kwenda Sikonge na kurudi. Kisheria leseni iliyokwisha si halali, kwa hiyo kifungu cha 19 kinamgusa. Mahakamani anaweza kujitetea kwamba udereva anaujua na alipimwa, na hilo hakimu anaweza kulipatia uzito wakati wa kupanga adhabu. Lakini kosa linabaki kosa. Itoe yako sasa hivi uangalie tarehe kabla hujaendelea kusoma.

Wa tatu ndiye anayenisumbua zaidi, kwa sababu yeye mwenyewe huapa kwamba leseni anayo. Na kweli anayo, ila si ya chombo alichokalia. Leseni zetu zina madaraja, na kila daraja ni ruhusa ya peke yake. A ni la pikipiki kubwa, zenye injini ya ujazo unaozidi sisi (cc) 125, na A1 ni la zile ndogo kuliko hizo. A2 ni la vyombo vya matairi matatu au manne vya jamii hiyo, bajaji zikiwemo. B ni gari binafsi, si la biashara. D ni magari ya kawaida ukiondoa pikipiki, magari makubwa na magari ya abiria. E inaingiza magari makubwa, lakini bado haigusi abiria. Abiria wana familia yao ya C: C2 kwa gari linalobeba kuanzia abiria wanne lakini wasiozidi kumi na watano, C1 kwa kuanzia hapo hadi chini ya thelathini, na C yenyewe kwa basi la abiria thelathini au zaidi. Na huingii C1 wala C2 moja kwa moja kutoka shuleni. Unatakiwa uwe umekaa na D kwa miaka mitatu angalau.

Chukua kijana mwenye D aliyepewa haisi apeleke abiria Urambo, kilomita 90 hivi kutoka mjini. Ana leseni mfukoni, picha yake, jina lake, muda haujaisha. Machoni pa sheria, kwa safari ile, ni kama hana. Vilevile mwenye A1 aliyepanda pikipiki kubwa, au dereva wa fuso la tumbaku mwenye B. Usidhani huu ni ukorofi wa makaratasi. Haisi iliyojaa watu haisimami kama gari lenye mtu mmoja, na fuso lenye mzigo likianza kuyumba kwenye tope la masika halimsikilizi mtu aliyezoea gari dogo. Daraja lipo kwa sababu kuna kitu cha kujifunza kati ya chombo kimoja na kingine.

Hapohapo nitoe mkanganyiko mwingine unaonijia kila mwezi. Leseni ya udereva na leseni ya LATRA ni vitu viwili. LATRA, yaani Mamlaka ya Udhibiti Usafiri Ardhini, inahusika na chombo kufanya biashara ya kubeba abiria au mizigo. Leseni ya udereva inahusu kichwa na mikono yako. Pikipiki yenye leseni ya LATRA na stika ya bima inaweza kuendeshwa na mtu asiye na leseni, na bado kosa la kifungu cha 19 likawa limetimia lote.

Wa nne hajawahi kuwa na leseni. Huyu hana mengi ya kueleza. Kutojua sheria hakumsaidii pia. Kanuni ya Adhabu, Sura ya 16, inasema wazi katika kifungu cha 8 kwamba kutoijua sheria si utetezi.

Wa tano leseni yake imefungiwa au amezuiwa na mahakama asiendeshe kwa kipindi fulani. Akiendesha, hafanyi kosa la leseni tu. Anaikanyaga amri aliyopewa akisikia kwa masikio yake, na hakimu hatampokea kama anavyompokea mtu aliyesahau tarehe.

Kuna wa sita, na huyu naomba nimkalie kidogo. Ni yule aliyenunua leseni. Anatokea mtu stendi au kijiweni, anasema anao mtu wake, hakuna haja ya shule wala majaribio, lete picha na hela, kesho unaipata. Kadi inakuja inang’aa. Kijana anaiweka kwenye pochi, anajiona amemaliza. Ukweli ni kwamba ametoka kwenye kosa la barabarani na kuingia kwenye Kanuni ya Adhabu. Kughushi hati, kifungu cha 337, adhabu yake inaweza kufika kifungo cha miaka saba. Na kifungu cha 342 kinasema anayeitumia hati ya uongo akijua ni ya uongo anachukuliwa sawasawa na aliyeighushi. Yaani siku trafiki anapoiingiza namba kwenye mfumo na jina lako halitokei, bora ungesema “sina.” Aliyeuza yuko zake, namba yake ya simu haipatikani, na wewe ndiye uliyekutwa na kadi mkononi.

Turudi kwenye faini, maana ndiyo iliyompoteza kijana wangu.

Makosa mengi ya barabarani sheria inaruhusu yamalizwe bila kwenda mahakamani. Askari anakuandikia, unapata namba ya malipo, unalipa kwa simu au benki, basi. Kwa magari kiwango kilichozoeleka ni shilingi 30,000 kwa kosa. Kwa pikipiki na bajaji, bajeti ya mwaka 2021/22 ilikishusha kutoka 30,000 hadi 10,000, na vijiwe vya Tabora vilishangilia, kwa haki kabisa, kwa sababu 30,000 kwa mtu anayepeleka hesabu kwa tajiri kila jioni ilikuwa inaua.

Lakini kulipa kule kuna maana gani? Kunamaanisha umekiri kosa lile, la siku ile, na serikali imekubali kulimaliza hivyo. Hakukupi ruhusa ya kesho. Kosa la kuendesha bila leseni linazaliwa upya kila unapowasha na kuingia barabarani. Pia faini hii ni njia, si haki yako ya kudumu. Askari akiona uzito wa jambo unahitaji mahakama, anaweza kukupeleka huko, na wewe usiyekubali kosa una haki ya kukataa kulipa na kutaka usikilizwe na hakimu. Usipolipa wala usipokataa, deni linabaki kwenye mfumo, linasomeka kwa namba ya chombo au ya leseni, na kadiri unavyochelewa linaongezeka. Watu wengi hununua pikipiki iliyotumika na kukuta wamenunua pamoja na madeni ya mwenzao.

Nilimwambia kijana apige hesabu mwenyewe, kwa sababu hesabu ya mtu mwingine haiingii. Leseni shilingi 70,000, miaka mitano. Ni 14,000 kwa mwaka, haifiki 1,200 kwa mwezi. Ameshalipa faini mbili za leseni. Akikamatwa mara tano nyingine atakuwa ametoa bei ya leseni nzima, na bado hana leseni. Ada ya mafunzo ipo juu ya hiyo, sitaki kumdanganya mtu, nayo kwa kijana wa kijijini ni nzito pamoja na nauli na siku za kazi zinazopotea. Hata hivyo alikaa kimya muda mrefu akizitazama risiti zake.

Kesi ikifika mahakamani mambo hubadilika sura. Unasomewa shtaka, unakiri au unakana, na ukikutwa na hatia adhabu inaweza kuwa faini au kifungo, kutegemea uzito wa kosa na historia yako. Hatia hiyo ni rekodi. Mtu anayeota kuwa dereva wa mgodi, wa taasisi au wa basi la mkoani ajue ataulizwa. Makosa haya yana dhamana, na dhamana ya polisi haina bei. Akikwambia mtu toa chochote ndipo upewe dhamana, hiyo si dhamana. Ukishikiliwa, utaratibu ni kufikishwa mahakamani ndani ya saa 24, na isipowezekana kwa kosa lisilo zito sana, kuachiwa kwa dhamana. Ndugu wanaokimbilia kukopa kabla hawajauliza kosa ni lipi wanaumia bure.

Hayo yote ni hali ya kawaida, siku isiyo na damu. Ajali ikitokea, leseni inageuka kuwa kitu kingine.

Jambo la kwanza huwa ni kukimbia. Sheria inamtaka dereva aliyehusika kwenye ajali asimame, amsaidie majeruhi na atoe taarifa polisi. Dereva mwenye leseni anaogopa, lakini anasimama. Asiye nayo anaona mbele yake lile kosa la leseni, dogo, la shilingi 10,000, na kwa kulikwepa hilo anamwacha mtu barabarani. Hapo ameshafanya kosa kubwa kuliko lile alilolikimbia, na mtu aliyelala chini anaweza kufa kwa kukosa dakika ishirini za kufikishwa hospitali. Kwenye barabara zetu ndefu za misitu kati ya Tabora na Kaliua, ukimwacha mtu usiku, nani atapita? Binamu wa kijana huyu hakukimbia. Alimbeba yule mama kwenye bajaji hadi Kitete na kukaa nje mpaka askari walipomkuta. Nilimwambia kijana kwamba katika habari yote hii mbaya, hilo ndilo jambo pekee litakalomsimamia binamu yake mbele ya hakimu, na asimlaumu kwa kutotoroka.

La pili ni bima. Sheria ya Bima ya Magari, Sura ya 169, inalazimisha kila chombo kiwe na bima angalau ya kumlinda mtu wa tatu, ile tunayoiita bima ndogo. Watu wanaibandika stika kwa ajili ya trafiki na hawajawahi kusoma mkataba wenyewe. Mikataba ya bima kwa kawaida huwa na sharti kwamba anayeendesha awe na leseni inayomruhusu kuendesha chombo hicho. Sharti hilo ndilo linalofunguliwa siku ya madai. Kampuni itaomba taarifa ya polisi, kadi, na kopi ya leseni ya aliyekuwa akiendesha. Ikikosekana kopi hiyo, inaweza kukataa kulipia chombo chako. Na hata pale inapolazimika kumlipa aliyeumizwa, inaweza kukugeukia wewe mwenye chombo ikudai ilichotoa. Kwa hiyo ulilipa bima mwaka mzima, na siku ya shida umebaki na stika.

La tatu ni mwenye chombo. Kijana wangu hakuwepo Ipuli siku ile. Alikuwa kwenye msiba Uyui. Bado ameitwa polisi, kwa sababu alimruhusu mtu asiye na leseni. Na mbali ya jinai kuna madai: yule mama ana haki ya kudai fidia ya matibabu, maumivu na kazi anazoshindwa kufanya, na anaweza kumdai dereva pamoja na yule aliyemtuma, kwa kuwa mtu aliyekuwa akifanya kazi yako anakufunga na wewe. Ninyi wenye pikipiki tatu nne za mkataba, mnaojua kwa kichwa kila kijana anadaiwa hesabu ya siku ngapi, je, mnajua leseni ya nani inaisha lini? Ombeni kopi kabla ya kutoa ufunguo. Na mkataba wenu ukataze deiwaka asiye na leseni, maana ajali nyingi zinazofika barazani kwangu ni za deiwaka.

Hapa niseme jambo ambalo linawapa watu mshangao, na ni la haki kwa upande wa pili. Kukosa leseni hakuthibitishi kwamba wewe ndiye uliyesababisha ajali. Ni makosa mawili yanayothibitishwa kila moja kivyake. Mtu asiye na leseni aliyesimama sawasawa kwenye kivuko, akagongwa nyuma na lori, ana kosa la leseni, lakini ajali si yake. Anaweza hata kudai fidia. Nimeona watu wakilipa gharama zote za ajali ambayo hawakuisababisha, kwa sababu tu walitishwa kwamba “wewe huna leseni, huna haki yoyote.” Haki unayo. Dai mchoro wa ajali uchorwe, taja mashahidi, sema ulichokiona. Tatizo ni kwamba utayasema yote hayo ukiwa mshtakiwa wa kosa jingine, na mtu wa namna hiyo husikilizwa kwa sikio moja.

Kinyume chake, aliyesababisha kifo au majeraha kwa kuendesha kwa hatari anashtakiwa kwa kosa hilo zito lenye uwezekano wa kifungo, na kukosa leseni kunaongezwa juu yake. Hakimu anayepanga adhabu atajiuliza kwa nini mtu ambaye hakupimwa alikuwa barabarani tangu mwanzo.

Kisha kuna ushauri wa ndugu. Jioni ileile, kabla hajaja kwangu, familia ilikuwa imeshakaa. Baba mkubwa alipendekeza kwamba kaka yao mwenye leseni aseme yeye ndiye aliyekuwa akiendesha, “abebe kesi,” ili bima ilipe na mama apate matibabu. Walidhani ni wema, na nia yao naiheshimu. Lakini kumpa askari taarifa unayojua ni ya uongo ni kosa la jinai, na kuidanganya kampuni ya bima ni kosa jingine. Ingetosha shahidi mmoja, mwendesha bajaji aliyemsaidia kumbeba mama, kusema “siye huyu niliyemwona,” na nyumba nzima ingekuwa na washtakiwa wanne badala ya wawili. Kijana aliinamisha kichwa akasema karibu wangefanya hivyo asubuhi.

Tulichokubaliana barazani kilikuwa hiki. Binamu aseme ukweli kama ulivyo, aeleze alivyosimama na kumbeba majeruhi. Mwenye pikipiki aende kituoni na kadi na bima yake, asibishane kuhusu leseni ambayo hana. Familia iende Kitete kumwona yule mama, si kununua kimya chake, bali kumjulia hali na kusaidia dawa, na chochote watakachotoa kiandikwe mbele ya mwenyekiti wa mtaa. Kumtunza majeruhi hakufuti kesi, lakini ni jambo la utu na hakimu huruhusiwa kulisikia.

Kisha leseni. Aliuliza kama anaweza kuipata haraka “iwe ya tarehe ya nyuma kidogo.” Nikamrudisha kwenye kifungu cha 337. Njia yenyewe si ngumu kama inavyosemwa vijiweni. Unahitaji namba ya mlipakodi. Unachukua leseni ya kujifunza kwa shilingi 10,000, ya miezi mitatu. Hiyo ni ya kujifunza kweli, chini ya mwalimu na kwa alama ya L, si ya kubebea abiria. Unasoma kwenye shule ya udereva inayotambulika. VETA, vyuo vya ufundi vya serikali, wapo hapa Tabora, na Kigoma pia wapo. Unapimwa macho, unajaribiwa na askari wa usalama barabarani, ukifaulu unakwenda TRA, mamlaka ya mapato, unalipa 70,000, unapigwa picha na kuchukuliwa alama za vidole. Kinachowashinda wengi ni umbali. Mkulima wa ndani ya Kaliua akiacha shamba wiki kadhaa aje mjini kujifunza chombo anachokijua tayari kwa mazoea, anaona ni adhabu. Ningependa sana mafunzo yawafuate vijijini wakati wa masoko ya tumbaku, wakati fedha iko mkononi na pikipiki mpya bado ina nailoni kwenye kiti. Wakati huo ndio wa kumpata kijana, kabla hajazoea risiti.

Alikusanya karatasi zake, zile tatu za faini akaziweka peke yake mfuko wa shati. Nilimuuliza pikipiki yake ni sisi ngapi, ili ajue anasomea A au A1. Hakujua. Tukaisoma pamoja kwenye kadi, kwa mwanga wa simu, kisha akaandika herufi ile nyuma ya bahasha kwa kalamu yangu na kuniaga.